Shajara ya jinzi: uzi mnene uje mwisho

Ijumaa jioni. Kitambaa

Nataka suruali moja ya jinzi: miguu iliyonyooka, mifuko mitano, pamba tupu isiyovutika, inayonikaa kiunoni bila mkanda. Hilo la mwisho ndilo lililoleta mradi wote. Za kununua zinazopita kwenye nyonga zangu hupwaya kiunoni kwa nyuma hadi ngumi inaingia, na zinazoshika kiuno hazivuki mapaja. Suruali iliyokwisha kushonwa inaweza kupunguzwa kiuno, sikatai. Lakini ikipunguzwa pale katikati ya nyuma peke yake, mifuko husogeleana na juu ya makalio panachongoka.

Nimechagua kitambaa cha aunsi 12. Hizo ni aunsi kwa yadi moja ya mraba, yaani gramu 400 na kitu kwa mita ya mraba. Aunsi 14 pia hushonwa nyumbani, ila cherehani ya kawaida huanza kugoma mishono inapokutana, na kwa suruali ambayo bado sijui itanikaaje, sioni haja ya kujiongezea mgomo.

Kabla ya mkasi, nimekata mraba wa sm 50 kwa sm 50, nikazungushia ukingo zigizaga, nikaufua kwa maji ya moto na kuukausha. Umerudi na sm 48.5 kwa urefu na sm 49.5 kwa upana. Kwa hiyo mtande (nyuzi za urefu) umenywea asilimia 3 na mshindio (nyuzi za upana) asilimia 1. Hizo asilimia 3 kwenye mguu wa sm 80 ni karibu sm 2.5, tofauti kati ya suruali inayofika kiatuni na inayoning'inia juu ya kifundo. Kitambaa hiki kilikwisha kunywezwa kiwandani, kwa njia iliyobuniwa na Mmarekani Sanford Cluett karibu na mwaka 1930. Kile kisichopitia mashine hiyo kinaweza kupungua hadi asilimia 10, na hapo hesabu za kiolezo, ile karatasi ya kukatia, hazina maana yoyote kabla ya kufua. Kipande kizima kinafuliwa mara mbili, peke yake, maana jinzi huchuja. Nili, ile rangi ya buluu, haiingii hadi kiini cha uzi. Hukaa kwenye ngozi ya uzi tu, na ndiyo maana inahamia vidoleni, kwenye pasi, na kwenye bamba jeupe la cherehani.

Jambo jingine la kitambaa ambalo litanihusu baadaye: jinzi imefumwa kwa mstari wa mshazari. Uzi wa mtande wenye nili hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio mweupe kisha chini ya mmoja, na pale unapopita chini husogea hatua moja kila mstari. Ndiyo sababu uso ni wa buluu na mgongo ni mweupe. Mshazari huo huvuta kitambaa upande mmoja kikifuliwa. Wengi mmeona suruali ambayo mshono wa ubavu umehama na kuja mbele ya ugoko. Sehemu kubwa ya mchezo huo huisha ukifua kabla ya kukata.

Jumapili. Vipimo na karatasi

Kiuno sm 76, nyonga sm 104, paja sm 62. Kiolezo cha nyonga zangu kimechorwa kwa tofauti ndogo zaidi kati ya nyonga na kiuno, kwa hiyo najua mapema wapi kutapwaya. Nimechagua saizi kwa nyonga, si kwa kiuno. Kiuno kina njia nyingi za kupunguzwa. Nyonga na paja zikikosa nafasi hakuna pa kuitoa.

Kipimo ambacho watu wengi hawakichukui ndicho ninachokiamini kuliko vyote: futi kamba kutoka pale mkanda wa suruali (ule unaoshonwa juu yake kiunoni, si wa kufunga) utakapokaa mbele, kupita katikati ya miguu, hadi pale utakapokaa nyuma. Mimi nimepata sm 66. Kwenye karatasi, mshono huo huo, mbele na nyuma pamoja na upana wa mkanda, una sm 63.5. Sm 2.5 zinakosekana, na kwa umbo langu zinakosekana nyuma. Suruali yenye upungufu huo huvuta mkanda chini kila unapokaa, kisha unalaumu kiuno.

Nimekata kiolezo cha nyuma kwa mlalo kwenye usawa wa nyonga, kutoka mshono wa makalio hadi ubavuni, nikaacha uzi mmoja wa karatasi ubavuni uwe bawaba, nikafungua sm 2 upande wa makalio. Nusu sentimita iliyobaki nimeiacha kwa makusudi. Jaribio ndilo litakalosema iende wapi.

Jumatano usiku. Jaribio la kaki

Kwa majaribio wengi hutumia marekani au shuka kuukuu. Kwa jinzi siiafiki njia hiyo. Shuka hulala popote pale na kuficha ubishi wa kitambaa kigumu. Nimetumia kaki nzito, nimeshona kwa mishono mirefu ya mm 5, bila mifuko ya nyuma, akiba ya mshono sm 2.5 ubavuni na ndani ya mguu. Zipu nimeishikiza kwa pini tu.

Nimesimama, nimekaa, nimechuchumaa, nimepanda kiti. Nilichokiona:

Kiunoni nyuma panapwaya sm 3, kama ilivyotarajiwa. Mbele kuna mistari inayotoka kinenani kwenda kwenye mapaja. Nyuma, chini ya makalio, kuna mikunjo mizito inayoshuka mshazari kutoka ndani ya mguu kuelekea nje.

Mikunjo ya nyuma inadanganya sana. Macho yanaona kitambaa kimezidi, mkono unataka kukibana ubavuni. Ukikibana, inazidi, kwa sababu kitambaa hakijazidi: kimenaswa. Kinataka kushuka lakini kinashikwa na kitu kilicho kifupi juu yake. Njia ya kujua ni kufumua. Nilifumua mshono wa ndani wa mguu kuanzia kinenani kushuka sm 15 hivi, nikasimama tena mbele ya kioo. Mikunjo ya nyuma ilianguka papo hapo, na pale nilipofumua palifunguka pengo la sm 2. Pengo lile ni kipimo tosha. Mwili umeonyesha wenyewe kitambaa kinachokosekana na mahali pake.

Nilikuwa nimesoma maelekezo yanayosema uchimbe mkato wa kinena uwe wa kina zaidi kila uonapo mikunjo chini ya makalio. Yanafaa kwa mtu mwenye makalio yaliyoshuka au bapa. Kwangu kuchimba kungetoa urefu bila kutoa upana wa kutoka mbele kwenda nyuma, na mwili una unene, si mbele na nyuma peke yake. Nafasi ya unene huo iko kwenye ile ncha ambapo mkato wa kinena unakutana na mshono wa ndani wa mguu.

Alhamisi na Ijumaa. Karatasi tena

Hapa ndipo muda wangu mwingi umekwenda na siujutii.

Pengo la sm 2 nimeligawa: sm 1.5 kwenye ncha ya nyuma na sm 0.5 kwenye ncha ya mbele, zote zikififia hadi sifuri gotini. Ile mistari ya mbele ilikuwa inaomba hiyo nusu. Ncha ya nyuma ikirefuka, mkato mzima nao unarefuka, kwa hiyo nusu sentimita niliyoiacha Jumapili imejilipa yenyewe.

Kisha kiuno. Jinzi haina penzi (ile mikunjo ya kushona inayopunguza kiuno kwenye suruali za kitambaa) kwa sababu kazi yake inafanywa na yoki, kile kipande chenye umbo la kabari kati ya mkanda na sehemu ya nyuma ya mguu. Mshono wake wa chini una mkunjo, na mkunjo huo ndio unaoyapa makalio umbo. Mtu anayepunguza kiuno bila kugusa yoki anaacha chombo bora kuliko vyote kikiwa kimelala. Nimechora mstari katikati ya yoki kutoka juu hadi chini, nikaukata, nikafunga sm 1 juu na sifuri chini. Sasa yoki imepinda zaidi. Kwa pande mbili hizo ni sm 2. Sm 1 iliyobaki imetoka kwenye mshono wa makalio, nusu kila upande, ikififia kabla ya kufika usawa wa nyonga. Jumla sm 3, na hakuna mahali pamechongoka.

Mkanda lazima ufuate. Mkanda ulionyooka hukaa vizuri kwa mtu ambaye kiuno na nyonga zake hazipishani sana. Kwangu utagusa chini na kupwaya juu. Nimechora uliopinda, nikaufunga kwa kiasi kile kile na mahali pale pale nilipoifunga yoki.

Mwisho ni kazi isiyopendwa: kutembeza mishono. Unaweka karatasi ya mbele juu ya ya nyuma, unaanza gotini, unaizungusha taratibu ukifuata mstari wa kushonea hadi juu, kuona kama zinafika pamoja. Mshono wa ndani wa nyuma umetoka mfupi kuliko wa mbele kwa mm 8. Huo nimeuacha hivyo. Nyuma huvutwa kidogo kati ya goti na kinena wakati wa kushona, na mvuto huo husaidia kitambaa kuingia chini ya makalio. Kwenye ubavu sikuruhusu tofauti yoyote.

Nimeshona kaki ya pili ya haraka, kuanzia gotini kwenda juu tu, inatosha. Imebaki mikunjo midogo chini ya makalio nikisimama. Sitaifuata. Suruali isiyo na mkunjo hata mmoja ukisimama haina kitambaa cha kukalia.

Jumamosi. Kukata

Kila kipande peke yake, bila kukunja kitambaa, uso ukiwa juu. Kitambaa cha uzito huu kikikunjwa, tabaka la chini huteleza, na mm 3 za kuteleza kwenye paja huzaa mguu unaojisokota hata kama ulifua vizuri. Mshale wa kiolezo umefuata mtande kwa kupimwa ncha zote mbili kutoka ukingoni.

Akiba ya mshono: ubavuni sm 2, ndani ya mguu sm 1.5, kwingine sm 1.5. Kwa unene wa kitambaa nimeongeza mm 1 kila mshono wa wima. Jinzi ikigeuka kwenye mkunjo hula nafasi ambayo kaki haikuila.

Jumapili. Mpango wa kushona, na kwa nini nimeupindua

Maelekezo yaliyokuja na kiolezo yanashona mshono wa ndani kwa kuufungia, yaani ule mshono bapa ambao akiba zimelishana na kupigwa mistari miwili, halafu ndipo unavaa kwa mara ya kwanza. Ukifika hapo umeshafunga mlango ambao ulikuwa unauhitaji. Mshono bapa haufumuliwi bila makovu: nili imeshachubuka kwenye mistari na matundu ya sindano nene yanaonekana.

Kwa hiyo uzi mnene wa mapambo unakuja pale tu ambapo umbo limekwisha kuthibitishwa. Mbele: mifuko na zipu nimezimaliza kabisa, hazihusiki na mzunguko wa nyonga. Nyuma: yoki imeshonwa na kupigwa mistari. Baada ya hapo mshono wa makalio, wa ndani na wa ubavu vyote nimevipiga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa cherehani, mm 5, uzi wa rangi ya kung'aa ili nisiuchanganye na wa kudumu. Mkanda nao umeshikizwa kwa bandi, kwa sababu bila mkanda suruali hukaa chini ya mahali pake na kila unachokiona ni uongo.

Nimeivaa kwa saa nzima nikifanya kazi za nyumbani. Jinzi isiyovutika hulegea kidogo ikipata joto la mwili, hasa kiunoni na gotini, kwa hiyo hukumu ya dakika mbili mbele ya kioo huifanya ionekane inabana kuliko ilivyo. Baada ya saa ile mkanda ulikuwa umelegea kama sm 1. Nimeacha kiuno kilivyokuwa. Paja la kulia nimelitoa mm 4 ubavuni, basi.

Mifuko ya nyuma nimeiweka nikiwa nimeivaa suruali, kwa utepe wa karatasi, nikipiga picha kwa nyuma. Kiolezo kilikuwa na alama zake, lakini yoki imebadilika umbo na alama hazina habari. Kusogeza mfuko sm 1 chini au kuuinamisha kidogo hubadilisha mwonekano wa makalio kuliko marekebisho mengine niliyoyafanya, na huo ndio ukweli usiopendeza baada ya kazi yote ya karatasi. Kisha bandi zikafumuliwa na mifuko ikashonwa kwenye vipande vilivyo bapa.

Wiki ya kushona

Sindano ya jinzi namba 100/16 kwa mishono ya ndani; kwa uzi mnene, sindano ya namba hiyo hiyo yenye jicho kubwa. Uzi mnene juu, uzi wa kawaida kwenye bobini. Hatua mm 3 kwa kuunganisha, mm 3.5 kwa mapambo, mistari miwili iachane mm 6. Mvutano wa uzi nimeujaribu kwenye chakavu cha jinzi hii hii kilichokunjwa kufikia unene wa mshono halisi. Kujaribu kwenye tabaka moja hakukuambii chochote.

Zipu ya chuma ilikuwa ndefu. Nimeteremsha kitelezi kwanza, nikang'oa meno ya juu kwa koleo hadi chini ya mstari wa mkanda, halafu nikakata utepe.

Yoki inapokutana na mshono wa makalio, tabaka ni nyingi mno. Nimeparua akiba za ndani zitofautiane urefu, nikapagonga kwa nyundo juu ya ubao, nikaingiza jinzi iliyokunjwa chini ya nyuma ya kiatu cha cherehani ili kiatu kisiinamie, na hatua chache za katikati nikazungusha gurudumu kwa mkono. Cherehani hurusha hatua pale kiatu kinapopanda mlima, si pale kinapokuwa kileleni.

Mshono wa ndani umefungiwa bapa, kama jinzi inavyostahili. Wa ubavu nimeshona kawaida, ovaloki kila upande peke yake, nikaupasua kwa pasi. Akiba ya sm 2 imebaki ndani, nikinenepa au nikikonda nitaikuta. Wa makalio nimeughushi: umeshonwa, ovaloki kwa pamoja, ukalazwa upande mmoja na kupigwa mistari miwili. Kwa nje haujulikani na mshono bapa wa kweli, ila huu hufumuka. Mkanda nao nimeuweka mshono nyuma katikati, ili siku ya kurekebisha kiuno nisilazimike kuung'oa mzunguko mzima.

Mkanda uliopinda una hatari yake. Mtande umepita sawa sehemu moja tu. Kwingine kitambaa kimekaa mshazari na kitavutika. Ukingo wa juu nimeutia utepe wa pamba usiovutika, na upande wa ndani nimetumia pamba ya kawaida badala ya jinzi. Unene nao umepungua, na tundu la kishikizo limepitika kwa urahisi.

Ribiti na pindo

Ribiti, zile pini fupi za chuma zinazogongwa, nimezitia kwenye pembe za mifuko ya mbele tu. Jacob Davis na Levi Strauss walipopewa hataza yao tarehe 20 Mei 1873 kule Marekani, dai lilikuwa hilo: kuimarisha pembe za mifuko zinazochanika. Nyuma nimetumia zigizaga iliyoshonana, upana mm 2, hatua mm 0.4. Haichubui viti. Tundu la ribiti limefunguliwa kwa msharasi bila kukata nyuzi, na msumari wake nimeupunguza ubaki mm 2 au 3 juu ya kitambaa. Ukibaki mrefu hujipinda ukigongwa.

Pindo sikulishona siku hiyo. Suruali imefuliwa kwanza, ikavaliwa, ikapimwa nikiwa na viatu.

Baada ya kufua na kuvaa

Mguu umepungua mm 4, kiuno kimerudi kilipokuwa kabla ya kulegea. Mishono ya ubavu imesimama wima yote miwili. Nikikaa, mkanda wa nyuma unashuka kidogo na kurudi, ngumi haiingii, vidole viwili vinaingia. Pindo nimelikunja mara mbili, sm 1.2.

Limebaki jambo moja: goti la kushoto linaonyesha mstari mwepesi unaovuta kuelekea ndani. Nimefumua na kuachia akiba ya ubavu, haubadiliki, kwa hiyo si upana. Nadhani mguu wangu unaingia ndani kidogo kuanzia gotini, na dawa yake ni kukata kiolezo gotini na kuisogeza sehemu ya chini mm 5 upande wa ndani. Hilo haliwezi kufanywa kwenye suruali iliyoshonwa.

Nimenakili kiolezo chote kwenye karatasi ngumu pamoja na marekebisho hayo ya goti. Kitambaa cha pili tayari kinakauka: aunsi 10, chenye elastini (uzi unaovutika) asilimia 2. Nafasi ya ziada ya nyonga, ambayo kwa hii ilikuwa sm 3, naishusha hadi sifuri, na nitapiga bandi kabla ya kuigusa yoki.